Kanga Aliyopelekewa Mwalimu wa Kaseti

Mwanajuma binti Mfaume wa Mbwera hakuwa mwanamke wa wivu, na hilo si neno langu mimi, alilisema kila mtu. Mumewe Mahamudu alipooa mke wa pili kule Nyamisati, majirani walijikusanya uani kwake tangu asubuhi wakingoja kusikia kilio. Walikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanajuma aliendelea kusuka ukili wa mkeka wake, akawatilia chai, na mashua ilipoondoka akampelekea bi mdogo pishi mbili za mchele mpya pamoja na salamu. Bi mdogo mwenyewe, Amal, aliuchambua mchele ule punje kwa punje asije akawa ametiliwa kitu. Hakikuwamo kitu. Wakaishi hivyo miaka sita, Mahamudu siku mbili huku na siku mbili kule na biashara yake ya kamba wa baharini, na hakuna aliyemsikia Mwanajuma akipandisha sauti.

Sasa mwanamke huyo huyo, aliyegawana mume bila kukunja uso, mwaka wa tisini na tano alishikwa na wivu juu ya redio kaseti. Si mchezo. Wivu wa kumkosesha hamu ya kula.

Kisa chenyewe kilikuwa mtoto. Mwanajuma alikuwa na mmoja tu, Salwa, wa miaka tisa, na Salwa alikuwa na hasira ambazo hazikuwa na kipimo. Mtu amcheke, amsukume kidogo kisimani, au asifanye lolote ila kumtazama vibaya, basi. Alipiga, aling'ata, alirusha chochote kilicho mkononi, kisha akakimbilia kwenye mikoko na kujificha topeni. Darasa la kwanza alidumu muhula mmoja na nusu. Siku aliyompiga mwenzake kwa kibao cha kuandikia mpaka jino likang'oka, mwalimu mkuu, Hilari, alimwita Mwanajuma shuleni.

"Mama Salwa, sina ubaya na mtoto," alisema. Hilari alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyezoea kuomba radhi hata pasipo kosa. "Lakini watoto ni themanini na walimu tumebaki wawili. Akae nyumbani kwanza."

Hiyo "kwanza" ilikwenda miaka miwili. Walimu wa chuoni walimwandikia kombe la aya akanywa. Wazee wa upande wa baba wakasema ana jini, akapungwa siku tatu, akawang'ata na wapungaji. Dawa ilikuwa moja tu, nayo ni mikono ya mama yake. Mwanajuma alikuwa akimkumbatia kwa nyuma, akaweka kidevu juu ya utosi wa mtoto, akamvumia sauti ya chini isiyo na maneno mpaka mwili ukalegea. Hakuna mwingine aliyeweza. Baba yake mwenyewe alijaribu mara moja akatoka na alama za meno begani.

Basi kilipozuka kishindo mtaani, watu walikuwa wakipiga kelele, "Mama Salwa! Aitwe Mama Salwa!" Na Mwanajuma akija, watu wanampisha, anapita katikati yao kama mkuu wa wilaya. Tuseme kweli, kwa sababu yeye hawezi kuisema: shida ilikuwa shida, lakini kule kuitwa alikupenda.

Ndipo siku moja Hilari akaja na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na redio kaseti ndogo nyeusi, kaseti moja, na kijitabu cha picha. Alisema yuko mwalimu aliyesoma naye, Petronila, ambaye sasa yuko Kibiti. Huyo amesomea watoto wenye matatizo ya hisia na tabia. Hilari aliyatamka maneno hayo kwa adabu, kama anayesoma waraka. Watoto wa namna hiyo wametawanyika wilaya nzima, wengine Mbwara, wengine Mtunda, wengine huku visiwani, wote wamerudishwa nyumbani. Hawawezi kumfuata Kibiti, naye hawezi kuwafuata. Lakini hii ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa, na redio na betri zimefika hata vijiji ambavyo dawa ya malaria ilikuwa haijafika. Akaamua kuwafundisha kwa kaseti. Upande wa kwanza anazungumza mwalimu, upande wa pili anajibu mtoto, kaseti inarudi kwa mashua hadi Nyamisati na kwa gari hadi Kibiti, na inayofuata inakuja.

"Mtoto huyu hamsikilizi mtu aliye mbele yake," Mwanajuma alisema, "atalisikiliza sanduku?"

"Tujaribu tu, mama."

Salwa alikaa mkekani, Hilari akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka.

"Hujambo, Salwa. Mimi naitwa Petronila. Mimi sikuoni, na wewe hunioni, kwa hiyo leo hakuna wa kumcheka mwenzake."

Salwa aliizungusha redio akachungulia nyuma yake. Kisha akakaa.

"Nina swali," sauti iliendelea. "Hasira ikikujia, huwa inaanzia wapi? Kuna watoto inawaanzia kichwani, kuna wengine mikononi. Wewe je?"

"Tumboni," Salwa alijibu pale pale, kabla hata Hilari hajageuza upande. "Inachemka, halafu inapanda."

Mwanajuma, aliyekuwa mlangoni na ukili mkononi, aliacha kusuka. Miaka tisa amemzaa, amemwogesha, amemkimbilia mikokoni, na hakuwahi kumuuliza swali hilo. Kaja mtu asiye na uso, dakika moja tu, kauliza, kajibiwa. Kitu kikamchoma chini ya ziwa la kushoto, akadhani ni kiungulia.

Hakikuwa kiungulia. Kaseti zilikuja moja baada ya nyingine, na kila iliyokuja ilimchukua Salwa hatua moja mbali. Mwalimu alimfundisha kuweka kiganja juu ya tumbo, kuvuta pumzi, kuhesabu mpaka kumi, na kulitaja kwa jina lile lililomuudhi. Kisha zikaja herufi na silabi, na picha za kwenye kijitabu. Salwa, ambaye hakuwahi kukaa mahali pamoja hata kula ubwabwa, alikaa nusu saa nzima anafuatisha. Na ilipofika zamu yake ya kujibu, alimtazama mama yake.

"Toka kidogo, mama. Nazungumza na mwalimu wangu."

Wangu! Mwanajuma alitoka akasimama uani hana la kufanya. Kwa Amal hakuwahi kuumia namna hii. Mahamudu alikuja kwake mtu mzima, naye akamgawa mtu mzima, hakuona ajabu. Lakini huyu alitoka tumboni mwake. Mwanamke mmoja wa Kibiti, ambaye hajafua hata shuka moja la huyu mtoto, aitwe wangu? Alimchukia. Alichukia jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema, alichukia "vizuri sana, Salwa" yake, na alichukia hata mlio wa kitufe.

Msimu wa mpunga ulipofika walihamia shambani kama watu wote wa kule, wakakaa juu kwenye dungu, ulingo wa miti, kuamia ndege wasile mpunga. Mwanajuma alitumaini kwamba huko redio itasahauliwa. Ilipanda dungu kabla yake. Asubuhi Salwa aliwapigia ndege makelele mpaka mashamba matatu ya jirani yakafaidika, na jua likipanda, anakaa na kaseti yake. Betri zikichoka, zilianikwa juani kwenye ngazi ya dungu zipate nguvu kidogo. Kazi ya kuzianika ilikuwa ya Mwanajuma. Mara mbili alisahau. Mara ya tatu mvua ilinyesha nazo zikiwa nje, na Mwanajuma alikuwa macho, anaitazama mvua, na hakuinuka.

Salwa hakupiga mtu. Aliweka kiganja tumboni, akahesabu, akasema, "Nimeudhika kwa sababu ya betri." Kisha akashuka kwenda kwa Mama Khamisi, jirani wa shamba la pili, kuazima nyingine.

Hilo lilimuuma, lakini lililommaliza kabisa lilikuja wiki iliyofuata. Mtoto mmoja alirusha donge la udongo kwa teo kumlenga ndege, likampiga Salwa mgongoni. Watu wote bondeni waliona. Mama Khamisi akaita kama zamani, "Mama Salwa, njoo!" na Mwanajuma akatoka mbio katikati ya mpunga, mikono imeshafunguka, moyo unamdunda kwa hofu na, Mungu amsamehe, kwa furaha. Alipofika, Salwa alikuwa amesimama wima, amefumba macho, kiganja tumboni. Mwanajuma alimzungushia mikono kwa nyuma.

"Niache, mama," Salwa alisema bila kufumbua macho. "Nimefika saba."

Mikono ikabaki hewani. Bonde lote likashangilia, "Mashallah, huyo mwalimu kampatia!" na Mama Khamisi, mwenye mdomo usio na mlango, akapaza sauti: "Shoga, hebu mwambie mwalimu wako anitilie na miye kaseti moja, nimwekee mume wangu!" Wanawake wakacheka mpaka ndege wakaruka. Mwanajuma alicheka pamoja nao. Alicheka kuliko wote.

Siku mbili baadaye alikwenda dukani kwa Sadala, ambaye alikuwa amefungua robota jipya la kanga kutoka Dar es Salaam. Zamani, enzi za duka la ushirika, ulipanga foleni ukachukua kanga uliyopewa, hata ikisema jambo lisilokuhusu. Sasa unachagua, na wanawake wa Mbwera walichagua kwa saa nzima, kwa sababu kwao kanga huanza kusomwa ndipo ikatazamwa rangi. Kanga yenye maneno makali ukimpelekea mtu, umemtukana bila kufungua kinywa, na hana pa kukushtaki. Hata Amal hakuwahi kupelekewa. Mwanajuma hakuwa msomaji mkubwa, lakini kwa kanga alijitosheleza. Alifunua doti moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye ya zambarau iliyoandikwa: HUYU NI WANGU WEWE WAJIPENDEKEZA.

"Hii ya nani, Mama Salwa?" Sadala aliuliza, macho yakimcheka. "Bi mdogo kachokoza?"

"Wewe uza tu, Sadala."

Akaikunja, akaitia katika mfuko mmoja na kaseti ya mwanawe, akaikabidhi mashua. Siku hizo za kungoja alikula vizuri. Alikuwa akiwaza uso wa yule mwanamke anafungua, anasoma, unamshuka. Alijua jibu lingekuja ama la ukali ama la kimya, na lolote kati ya hayo lingekuwa mwisho wa kaseti.

Jibu lilikuja mwishoni mwa kaseti iliyofuata, likiwa kwa ajili yake.

"Na sasa namwomba mama yako asikilize. Mama Salwa, shikamoo. Nimepata kanga. Tangu nihamie huku, mwaka wa tatu huu, hakuna mtu aliyewahi kuniletea zawadi. Nimekaa nayo mapajani nikashindwa kusema. Na zambarau ndiyo rangi yangu! Nitaivaa nikija. Mwezi wa kwanza nakuja na mratibu wa elimu wa kata, tumsikilize Salwa akisoma na tumwone akikaa na wenzake. Akiweza, anarudi darasani. Asante sana, mama."

Mwanajuma alikaa chini kwenye ngazi ya dungu. Jamani, huyu ni mjinga au ni mjanja? Hakuwa hata kimoja. Alikuwa mtu wa bara tu, na kwao kanga ni nguo. Maandishi yake ni kama jina la kiwanda kwenye gunia la sukari. Mwanajuma hakulijua hilo. Alilolijua ni kwamba amerusha kijembe na kijembe kimeshukuru.

Mwezi wa kwanza ukafika, na siku yenyewe ilikuwa ya gulio, maji yamejaa, pwani imejaa watu wanaongoja mashua ya Nyamisati. Hilari alikuwapo amevaa shati la mikono mirefu. Salwa alikuwapo, amesukwa nywele, gauni la shule limefuliwa likapigwa pasi. Mwanajuma alisimama nyuma yake.

Mashua ilipogonga, alishuka kwanza mratibu, mzee mnene aliyebeba viatu mkononi, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye uso wa duara na miwani. Kanga moja ameifunga kiunoni kujikinga na maji ya chumvi, ya pili ameitupia mabegani. Alipogeuka kupokea mzigo wake, pwani nzima ikasoma.

Hapa ndipo Mwanajuma alipoona kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo hata binti wa miaka kumi na miwili wa Mbwera asingelifanya. Kanga haisemi kwa niaba ya aliyeinunua. Kanga husema kwa niaba ya aliyeivaa. Mwalimu wa Kibiti, ambaye kisiwa kizima kinajua kwamba mtoto wa Mwanajuma anamsikiliza yeye tu, ameshuka mashuani mchana kweupe akimwambia mzazi mwenyewe: huyu ni wangu, wewe wajipendekeza.

"Makubwa," alisema Mama Khamisi taratibu.

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu akacheka, akanyamazishwa. Petronila alikuja moja kwa moja, mikono mbele, anatabasamu. "Salwa ni yupi? Wewe ndiye Salwa?"

Salwa hakuitazama mikono ile. Alizunguka mpaka ubavuni mwa mwalimu, akaweka kidole hewani, akafuatisha.

"Hu-yu. Huyu. Ni. Wa-ngu. Wangu." Kidole kikasogea. "We-we. Wa-ji-pe-nde-ke-za." Akairudia yote kwa mfululizo, kwa sauti, bila kukosea hata herufi.

Mratibu, ambaye alikuwa bado anapangusa tope miguuni, aliinua kichwa. "Anasoma!" alisema kwa furaha. Furaha ilikuwa yake peke yake.

Kwa sababu Salwa, pamoja na kusoma, alikuwa amelelewa kati ya wanawake wa Mbwera. Alimgeukia Petronila. "Unamwambia mama yangu?"

"Namwambia nini, mwanangu?"

"Unamwambia mama yangu anajipendekeza kwangu?" Sauti ilikuwa imeanza kupanda. Mwanajuma aliijua sauti hiyo kuliko anavyoijua yake. Aliona mabega yakipanda, ngumi ikijifunga, macho yakitafuta cha kuokota, na miguuni mwao palikuwa na kasia. Kiganja cha Salwa kilikwenda tumboni kikateleza, kikaenda tena kikateleza.

Nitasema lililopita moyoni mwa Mwanajuma wakati huo, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema baadaye. Aliona kwamba anachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Mtoto atampiga mwalimu mbele ya mratibu. Redio itarudi Kibiti na mwenyewe. Hakutakuwa na darasa, hakutakuwa na "toka kidogo, mama". Watu wataita, "Mama Salwa, njoo!" naye atapita katikati yao na kufungua mikono, na mtoto atalegea kifuani kwake kama zamani, atakuwa wake, wake peke yake, mpaka atakapokuwa mtu mzima anayefungiwa ndani. Na alilitaka. Kwa muda wa pumzi mbili alilitaka kwa roho yake yote.

"Ni miye," alisema.

Salwa alikuwa ameshalishika kasia.

"Salwa, ni miye! Kanga ile nimenunua miye kwa Sadala, nikampelekea mwalimu. Yeye hajui. Kwao hawasomi kanga. Nilimpelekea kumtukana." Alikuwa anasema kwa sauti ya juu ambayo Mbwera haikuwahi kuisikia, miaka yote ile ya bi mdogo. "Nilimwonea wivu. Unamwita mwalimu wangu, unanitoa nje, hutaki nikushike. Na betri pia ni miye. Niliziacha zikanyeshewa makusudi."

Mtu alisema "Yarabi" nyuma huko. Petronila aliitazama kanga kiunoni mwake, akaisoma polepole kama anaiona leo, na uso ukamshuka hasa kama Mwanajuma alivyokuwa ameuwaza, ila haukumpa raha yoyote.

Salwa alisimama na kasia. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na wale wa karibu wakasikia: tatu, nne, tano. Alifika kumi, akaanza tena mwanzo, akafika kumi nyingine. Kisha akaliweka kasia chini.

"Nimeudhika kwa sababu ya mama," alisema. Akamtazama Petronila. "Na wewe, usivae kitu hujakisoma."

Akamwendea Hilari, akamshika mkono wa shati, akamwambia wakaanze.

Walipofika shuleni, mratibu alisema kusoma ameshasikia, amesikia vizuri sana, kilichobaki ni kuona mtoto akikaa na wenzake mpaka kengele. Watoto wakaingia darasani. Wanawake wawili wakaachwa nje kwenye benchi chini ya dirisha, kwa kuwa hakuna aliyejua awaweke wapi. Petronila alikuwa ameivua kanga na kuikunja, maneno yakiwa ndani.

"Nisamehe, mwalimu," alisema Mwanajuma.

Petronila aliiweka kanga kati yao. "Njia nzima nilikuwa nawaza vile atakavyonikimbilia," alisema. "Nilimwambia hata mratibu. Utaona, nikamwambia, atanirukia shingoni. Hajanipa hata mkono."

Mwanajuma alimtazama pembeni. Alijua maumivu yale, alijua hata mahali yanapokaa, na alitaka kumhurumia, lakini, tuseme kweli, alifurahi kidogo. Kisha akaona aibu ya kufurahi, akasogea kumpa nafasi.

Wakainuka pamoja, wakachungulia. Salwa alikuwa dawati la tatu, katikati ya wasichana wawili. Mmoja alimgusa kiwiko kwa bahati mbaya. Wote wawili dirishani wakashika pumzi, kila mmoja tayari kuitwa. Salwa alisogeza daftari lake, akainama, akaendelea kuandika. Walisimama pale mpaka kengele, bega kwa bega, kila mmoja akimwomba kimoyomoyo amtazame yeye, angalau mara moja tu. Hakugeuka.